Nilikuwa na Baiskeli

Sentensi iliyonitia aibu ina maneno machache tu: "Nilikuwa napita na baiskeli pale kwenye zebra, gari ikaja." Aliyeisema ni mzee mmoja muuza maziwa wa Morogoro, na jina lake nitaliacha kwake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuigeuza iwe Kiingereza. Ilikuwa mwaka 2020, kabla sheria ya 2021 haijakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na wakili wake alitaka maelezo yote yawe kwa lugha ile ili ayapeleke kwenye kampuni ya bima ya mwenye gari. Kurasa nne. Nilizimaliza jioni moja, chai yangu haijapoa.

Niliandika kwamba alikuwa anaiendesha baiskeli.

Hivi wewe ungeandikaje? Mtu akikuambia "nilikuwa na baiskeli", picha inayokuja kichwani ni ya mtu amekaa juu ya kiti, miguu kwenye pedali. Sikusita hata sekunde. Miezi miwili baadaye wakili akanipigia. Kampuni imejibu, akasema, na jibu lao limesimama juu ya neno langu. Zebra ni ya waenda kwa miguu. Mdai mwenyewe amekiri alikuwa anaendesha. Kwa hiyo hakuwa mwenda kwa miguu, alikuwa chombo kilichokatiza barabara mbele ya chombo kingine, na sehemu kubwa ya kosa ni yake. Fidia waliyokuwa tayari kutoa ilikuwa imekatwa zaidi ya nusu.

Nilimfuata mzee nyumbani. Mguu ulikuwa bado umefungwa. Nikamwamkia, nikamuuliza tena polepole: mzee, siku ile ulikuwa umepanda au umeshuka? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maziwa ni meupe.

"Mwanangu, nitaendeshaje na madumu manne pale kwenye tuta? Nilikuwa naikokota."

Naikokota. Neno ambalo lingeokoa kila kitu halikusemwa, kwa sababu kwake halikuhitaji kusemwa. Kila mtu wa Morogoro anajua kwamba baiskeli ya maziwa iliyojaa haipandwi pale kwenye kipilefti. Mimi nilikuwa sebuleni na chai.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuulizwa swali hili, yaani mtu aliye na baiskeli ni nani hasa barabarani. Nilidhani nitapata aya mbili tatu. Nikakuta Waingereza wamelibishania kwa miaka mia na zaidi, mahakamani, kwa uzito wote. Na kwa kuwa sheria zetu nyingi za barabarani zina mizizi kwao (hata upande wa kushoto tunaoendeshea ni wao), nikaona inanihusu.

Mwanzo wake ni neno moja. Mwaka 1835, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Barabara Kuu. Baiskeli haikuwapo, kilichokuwapo ni farasi, punda, ng'ombe na magari ya kukokotwa na wanyama. Sheria ile ilikataza kuendesha gari kwa kasi ya kichaa barabarani, na ilikataza kupitisha wanyama na magari ya aina yoyote kwenye njia ya pembeni ya waenda kwa miguu. Katazo hilo la pili bado lina nguvu kule hadi leo. Mtu anayepanda baiskeli juu ya njia ya miguu jijini London anavunja sheria iliyoandikwa kabla babu wa babu yake hajaona baiskeli.

Miaka arobaini baadaye vijana wakawa na magurudumu mawili, lile la mbele kubwa kama meza ya karamu, wakawa wanateremka vilima kwa kasi iliyowatisha farasi. Polisi wakamkamata mmoja wao. Utetezi wake ulikuwa mwepesi na mzuri: sheria inasema gari, hii siyo gari. Gari lina mnyama, lina mzigo, lina mtu amekaa ndani. Kesi ilifika kwa majaji wawili, Mellor na Lush, mwaka 1879, nayo inajulikana kwa jina la Taylor na Goodwin. Wakasema kitu kinachombeba mtu ni gari, hata kama waliotunga sheria hawakukiota. Kijana akashindwa.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka uliofuata. Mwendesha baiskeli mwingine alifika kwenye kizuizi cha kulipia ushuru wa barabara, akadaiwa ushuru wa gari. Si mlishasema baiskeli ni gari? Kesi ikaenda mahakamani, ile ya Williams na Ellis ya 1880, na safari hii mahakama ikasema hapana: kwa ajili ya ushuru ule, baiskeli siyo gari. Nilicheka peke yangu niliposoma. Mwaka mmoja ni gari la kuadhibiwa, mwaka wa pili siyo gari la kulipishwa. Wanasheria watakuambia ni sheria mbili tofauti zenye orodha tofauti, na ni kweli. Ila mimi niliona kitu kingine, kwamba baiskeli haikuwa na jina lake yenyewe. Ilikuwa inasubiri mtu aamue ni nini, kila mara upya, kulingana na nani anauliza na anataka nini.

Kati ya hapo kulikuwa na fujo ya kanuni za mahali. Sheria ya 1878 iliziruhusu mamlaka za kaunti kutunga kanuni zao za baiskeli, kila kaunti na yake. Ukivuka mto unaweza ukawa umevuka pia kutoka kanuni moja hadi nyingine. Waendesha baiskeli wakaungana. Chama chao kikubwa kilianzishwa mwaka huohuo wa 1878. Walichokuwa wanapigania kinaweza kumshangaza mtu wa leo. Walitaka waitwe gari. Waliona kwamba ukishakuwa gari mbele ya sheria, hakuna mwenye farasi wala diwani wa kaunti anayeweza kukuambia utoke barabarani. Watakuwekea masharti, sawa, lakini barabara ni yako pia.

Walipata walichotaka mwaka 1888. Ndani ya Sheria ya Serikali za Mitaa, kifungu cha 85, katikati ya mambo ya halmashauri na mipaka, Bunge lilitamka kwamba baiskeli na vyombo vya namna yake ni magari. Kanuni za kaunti zikafutwa, nchi nzima ikapata kanuni moja. Masharti yalikuwa mawili tu ya maana. Taa iwake kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla ya kuchomoza. Na unapompita mtu, mnyama au gari, upige kengele au filimbi ukiwa bado mbali kiasi cha kutosha, ajue unakuja. Basi. Taa na kengele, kwa kubadilishana na barabara nzima.

Tazama mwaka huo. Magari ya mota hayakuwa na uhuru wa barabara Uingereza hadi Novemba 1896, pale ilipoondolewa sheria iliyoyabana yatembee maili nne kwa saa vijijini na mbili mjini. Kwa hiyo baiskeli ilikuwa gari halali miaka minane kabla ya motokaa. Tena waendesha baiskeli ndio waliounda mwaka 1886 chama cha kudai barabara ziwe laini, wakachapisha maelekezo ya namna ya kuzitengeneza. Ukiambiwa leo na dereva wa daladala kwamba barabara ilijengwa kwa ajili ya magari, unaweza kumpa historia hii, kama una muda na kama taa bado ni nyekundu.

Hapa nitaondoka Uingereza kidogo, kwa sababu kuna jambo la lugha ambalo siwezi kulipita. Kiswahili chetu kilipata neno "gari" kutoka Bara Hindi, na kikalipa vitu vikubwa: gari moshi, gari la mizigo, gari la abiria. Baiskeli tukaiacha na jina lake la kigeni, tukalilainisha mwishoni. Ukimwambia Mswahili kwamba baiskeli ni gari atakuona una homa. Lakini nenda Kampala. Waganda walichukua neno hilohilo, wakalifanya "eggaali", na kwao hilo ndilo jina la baiskeli. Treni ni "eggaali" ya moshi. Nenda Kigali, baiskeli ni "igare". Watu wa maziwa makuu walifikia hukumu ileile ya majaji Mellor na Lush bila kusoma ukurasa mmoja wa sheria. Lubumbashi wao wanasema "kinga", wakajitoa kwenye mjadala kabisa. Nimewahi kujiuliza kama Mswahili wa pwani angeiita baiskeli gari tangu mwanzo, dereva angeiheshimu zaidi leo. Pengine ni ndoto ya mtafsiri tu. Sisi huwa tunadhani maneno yana nguvu kuliko breki.

Tuendelee. Kuna kesi mbili nyingine, na hizi ndizo zilizonifanya nishindwe kulala.

Ya kwanza ni ya Ilfracombe, mji mdogo wa pwani kule Devon. Januari 1950 mtu mmoja alikutwa amelewa mtaani. Hakuwa amepanda baiskeli. Alikuwa anaikokota. Kuna sheria ya ulevi ya mwaka 1872 inayomtia hatiani mtu aliyelewa akiwa na dhamana ya gari, farasi, ng'ombe au injini ya mvuke barabarani. Akafungwa mwezi mmoja. Akakata rufaa: jamani, baiskeli siyo gari, na hata sikuwa juu yake. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Lord Goddard, ikasema mwaka huohuo kwamba lengo la sheria ile ni kuwalinda watu waliopo barabarani. Mlevi mwenye baiskeli ni hatari kwa watu, kwa hiyo kwa shughuli hii baiskeli ni gari, na kuikokota ni kuwa nayo. Rufaa ikatupwa.

Nikasema, tumekwisha. Mzee wangu hata akithibitisha kwamba alikuwa anakokota, wana la kusema.

Ya pili ni ya 1980, ile ya Crank na Brooks. Mwanamke alikuwa anavuka zebra kwa miguu, baiskeli yake ubavuni, ameishika. Dereva akamgonga. Mahakama ya chini ikamwachia dereva kwa hoja kwamba mwenye baiskeli siyo mwenda kwa miguu. Mahakama ya juu ikakataa. Jaji Waller alisema, kwa maneno yangu, kwamba mwanamke yule alikuwa anatembea, miguu yote miwili chini, na kuwa na baiskeli mkononi hakumwondolei hadhi ya mtembea kwa miguu. Akaongeza mpaka wake: angekuwa ameweka mguu mmoja kwenye pedali na kujisukuma kwa mwingine, jibu lingebadilika.

Mguu mmoja. Nilirudi kwenye sentensi ile: "nilikuwa napita na baiskeli". Kiswahili kimemwacha mzee amesimama katikati kabisa, hajapanda wala hajashuka, na mimi nikamsukuma upande ambao ulimgharimu. Neno "na" ni dogo sana. Linabeba mtu na mwenzake, mtu na mzigo wake, mtu na ugonjwa wake. Kiingereza kinataka kujua zaidi, kinauliza miguu iko wapi, na mimi nilijibu kwa niaba ya mtu ambaye sikumuuliza.

Najua kuna atakayesema: mbona unaleta kesi za Uingereza kwenye ajali ya Morogoro? Ni swali la haki. Sheria ya Uingereza iliingizwa Tanganyika kwa tarehe, 22 Julai 1920, na Kenya kwa tarehe yake, 12 Agosti 1897. Sheria za jumla zilizokuwa zinatumika Uingereza siku hiyo zilihesabiwa kuwa zinaweza kutumika huku, kadiri hali ya huku ilivyoruhusu. Sidai kwamba kifungu cha 85 kilisomwa mbele ya muuza maziwa yeyote. Baadaye tulitunga zetu, na Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia Tanzania ni ya 1973. Kilichovuka bahari ni namna ya kufikiri: kwanza amua mtu huyu ni kitu gani, halafu ndipo utajua ana haki gani. Hata neno letu la kipilefti ni amri ya barabarani ya Kiingereza iliyogeuka jina la mahali, na nadhani watu wachache wanaolizunguka kila siku wanakumbuka kwamba linawaambia wakae kushoto.

Kwa Uingereza yenyewe, mkataba ule wa taa na kengele haukudumu kwa moyo mmoja. Magari yalipojaa na watu wakawa wanakufa kwa maelfu kila mwaka, ikaanza hoja ya kuwatenga. Desemba 1934, kando ya barabara ya Western Avenue magharibi mwa London, ilifunguliwa njia maalumu ya baiskeli, na waendesha baiskeli wenyewe waliipinga. Walisema leo mnatupa njia, kesho mtatukataza barabara. Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza niliiona ya kijinga. Kisha nikaenda Dar, nikaitazama njia ya baiskeli kando ya mabasi ya mwendokasi barabara ya Morogoro, ile iliyokuja na mradi ulioanza kazi 2016. Bodaboda wamo. Wauza viatu wamo. Bajaji imeegeshwa humo, dereva amelala. Kijana mwenye baiskeli ya mikate akaiacha, akaingia barabarani, na dereva wa nyuma akampigia honi ndefu na kumwonyesha kwa kidole: njia yako ile pale! Nikawaelewa wale wa 1934.

Januari 2022 Waingereza walibadilisha mwongozo wao wa barabarani tena. Sasa anayeweza kuleta madhara makubwa ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi. Dereva akimpita mwenye baiskeli kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa anaambiwa aache angalau mita moja na nusu. Mwenye baiskeli anaruhusiwa kukaa katikati ya njia yake penye utulivu. Ni nzuri. Nimeipenda hasa kwa sababu haianzi kwa kuuliza hiki ni gari au siyo gari. Inauliza nani atamuumiza nani.

Niliandika barua ya masahihisho. Ilikuwa barua ngumu kuliko yoyote niliyowahi kuandika, maana mtafsiri akikiri kosa moja anakuwa amekaribisha shaka juu ya kurasa zote. Nikaeleza neno kwa neno mzee alisema nini, Kiswahili kinaacha nini wazi, na mimi nilikijazaje bila haki. Wakili akaambatanisha na maelezo mapya ya mzee pamoja na PF3 na maneno ya mama mmoja muuza maandazi aliyeona. Kampuni iliongeza fidia. Haikufika alichodai. Wakili akashauri wachukue, kesi ingekula miaka, na mzee akasema basi, achukue.

Sikuchukua malipo ya tafsiri ya pili. Ya kwanza nilirudisha, mzee akakataa, tukavutana mlangoni hadi mke wake akaipokea akaiweka kwenye kanga.

Siku hiyo nilimsimulia habari ya yule Mwingereza wa Ilfracombe. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza habari za bima.

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima, mzee."

"Kwa kuikokota?"

"Alikuwa amelewa."

"Sasa si ndiyo maana akashuka!" Akacheka mpaka akashika mguu. "Huyo alikuwa na akili. Mlevi mjinga angepanda."

Kabla sijaondoka akaniomba nimsomee alichosema, kile kipya, kwa Kiingereza, ingawa hakijui. Nikamsomea. Akauliza kukokota ni lipi hapo. Nikamwonyesha kwa kidole. Akalitazama muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake anayesoma darasa la sita, akamwambia alinakili kwenye daftari, siku nyingine wakija watu na karatasi.

Nilimwona tena mwaka jana, asubuhi, karibu na kipilefti kilekile. Anauza maziwa tena, madumu mawili sasa badala ya manne, mguu unachechemea kidogo. Alifika kwenye zebra, akashuka, akaishika baiskeli kwa mkono mmoja. Mkono mwingine aliuinua juu kabisa, kiganja wazi, akasubiri hadi daladala mbili na bajaji zikasimama. Ndipo akavuka, taratibu, akiwa katikati kabisa ya mistari.